Gololi Mbili na Kosa la Mtaalamu

Katika vijiji vya Usukuma, na Kiloleli mkoani Simiyu ni kimojawapo, watu wazima hupenda kuwakaripia watoto wachezao gololi. Husema kwamba mchezo ule huchafua magoti na kupoteza wakati. Juu ya magoti, neno lao ni la kweli. Juu ya wakati wamekosa, maana katika gololi mbili mna jambo ambalo mtaalamu mkubwa wa Ulaya alishindwa kuliona, na mtoto mwenye macho mazima aweza kuliona kabla kengele haijalia.

Jambo lenyewe ni hili. Weka gololi ya kioo mahali pagumu palipo sawasawa. Twaa nyingine iliyo sawa nayo kwa uzito, uirushe kwa kidole, iipige ile ya kwanza katikati barabara, si ubavuni. Utaona nini? Ile iliyokuja mbio husimama karibu pale pale, na ile iliyokuwa imetulia huondoka ikaenda zake, karibu kwa kasi ile ile ya mwenzake. Watoto wengi wakiulizwa husema kwamba mwendo wa ile ya kwanza umekwisha. La, haukwisha. Umehamia kwa mwenzake.

Mfaransa René Descartes, mtu mashuhuri wa hesabu na falsafa, alitoa kitabu mwaka 1644, na ndani yake aliandika kanuni saba za vitu vigonganavyo. Katika mojawapo alisema kwamba kitu chenye kasi 4 kikigonga kingine kilicho sawa nacho, kilichotulia, kitampa mwenzake kasi 1, nacho kitarudi nyuma kwa kasi 3. Hesabu hii yaonekana safi, kwa kuwa 3 na 1 ni 4. Lakini ni mtoto gani aliyepata kuona gololi ikirudi mbio namna hiyo, hali imegonga iliyo sawa nayo?

Kosa la bwana yule lilikuwa kuhesabu kasi pasipo kuhesabu upande. Mkulima mwenye maksai wawili ajua vema jambo hili. Mmoja akivuta kuelekea mashariki na mwenziwe kuelekea magharibi, wote wawili hutoka jasho, lakini jembe halisogei. Na mwendo ni vivyo hivyo: uendao mbele huongezwa, urudio nyuma hutolewa. Basi 1 mbele, toa 3 nyuma, jibu ni 2 nyuma. Na kwanza palikuwa na 4 mbele. Hiyo si hesabu tena. Mholanzi Christiaan Huygens aliligundua kosa hilo, na kanuni zake zilizo sahihi zilitangazwa mwaka 1669.

Siku hizi uzito wa kitu ukizidishwa kwa kasi yake, pamoja na kuangalia upande kiendako, huitwa momenta. Gololi ya gramu 5 iendayo mita 2 kwa sekunde ina momenta 10, na iliyotulia haina kitu. Baada ya kugongana, ya kwanza haina kitu na ya pili ina 10. Jumla ni ile ile.

Mwenye akili atauliza: kwa nini zisiende zote mbili, kila moja kwa mita 1? Maana 5 na 5 ni 10 pia. Swali hili ni bora kuliko majibu mengi ya mtihani. Na kweli, madonge mawili ya udongo mbichi yaliyo sawa hufanya hivyo hivyo: hugandamana yakaenda pamoja kwa nusu ya kasi. Kioo hubonyea kidogo mno, jicho lisione, kisha hujirudi upesi kama upinde na kumsukuma mwenzake. Udongo ukipondeka haujirudi. Nusu ya nishati ya mwendo huishia katika kuuponda na kuutia joto.

Hapo ndipo jambo hili litokapo mchezoni likaingia barabarani, kwa sababu baiskeli na mifupa ya mtu hufanana na udongo kuliko kioo. Apigaye baiskeli ya mtu aliyesimama huharibu nusu ya nishati yake; nusu nyingine huwachukua wote wawili mbele kidogo. Lakini wawili walio sawa kwa uzito na kasi wakikutana uso kwa uso, momenta zao hufutana, husimama papo hapo, na nishati yote ya huyu na yote ya yule hukunja vyuma na kuvunja mifupa. Linganisha nusu ya mmoja na nzima za wawili: ni mara 4, wala si mara 2 kama wengi wadhanivyo.

Mwalimu anyang'anyaye gololi mfukoni mwa mtoto saa mbili, kisha saa nne akaandika kanuni ya momenta ubaoni ili ikaririwe, amejiongezea kazi bure. Kitabu kilikuwa mfukoni.

Hata hivyo, gololi ibingirikayo chini huendelea kuzunguka baada ya kugonga, ikasogea kidogo. Asiyelijua hilo atadhani kanuni imevunjika. Iliyo bora ni kuomba kwa fundi gololi za chuma za gurudumu la baiskeli kuukuu, zilizo sawa kwa ukubwa. Laza rula mbili sambamba, upange kati yake gololi tatu zigusanazo, kisha uzigonge kwa ya nne. Kabla ya kugonga, kila mtoto na aandike katika daftari lake ni ngapi zitakazoondoka. Kisha zigonge kwa mbili zilizoshikana, nao waandike tena.