Senti ya Chuma na Senti Tano ya Fedha

Wakusanyaji wa sarafu kongwe za Marekani hupenda mno kuitaja senti ya chuma ya mwaka 1943, nayo kwa hakika ni sarafu ya ajabu, kwani shaba ilipohitajiwa na viwanda vya risasi, serikali iliamuru senti ipigwe kwa chuma kilichopakwa zinki, ikatoka nyeupe hata watu wakaidhania senti kumi, na haikukawia kushika kutu mifukoni mwa wenyewe. Lakini zilipigwa zaidi ya milioni elfu moja, basi iliyochakaa haina bei ya maana. Zenye thamani kubwa ni zile chache za mwaka uo huo zilizopigwa kwa shaba kimakosa, ambazo walaghai huziiga kwa kuipaka shaba ile ya chuma, na sumaku ndogo huwaumbua papo hapo.

Mimi, nikipewa ruhusa, naipendelea senti tano ya tangu 1942 hadi 1945, iliyonyimwa nikeli ikapewa shaba asilimia 56, fedha 35 na manganizi 9, nayo hutambulikana kwa herufi kubwa iliyo juu ya kuba la nyumba ya Rais Jefferson. Hupiga weusi, haipendezi machoni, na wapo wauzaji wanaoipima kwa mizani tu kwa ajili ya fedha iliyomo, kisha wakaiyeyusha. Nami naliona jambo hilo kuwa dhuluma, maana herufi P, alama ya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, haikupata kuonekana juu ya sarafu yoyote ya Marekani kabla ya hiyo.