Tusiziache Nodi Bila Majina

Wenzangu wengi katika Chama cha Kompyuta, wakikuta kitu wasichokuwa na jina lake, huandika BNode() wakaendelea na kazi. Mimi naona yafaa tuipunguze desturi hii, na sababu zangu ni hizi.

Katika RDF habari huandikwa kwa sentensi za sehemu tatu: kitu, uhusiano, na kitu kingine. Kila kitu ni nodi, na kwa kawaida nodi hupewa anwani yake kamili. Lakini nodi isiyo na jina husema tu, "Yupo mtu fulani." Tukitumia RDFLib katika Python, nodi hiyo hupewa alama ya muda, ambayo haina maana nje ya faili lake. Faili likisomwa upya, alama huwa nyingine.

Basi tufikirie orodha mbili. Juma yumo katika ya Kidato cha Kwanza, dada yake Asha katika ya Kidato cha Tatu, na bibi yao ndiye anayewalea wote. Kama katika kila orodha mlezi ni nodi isiyo na jina, tukiziunganisha tutapata walezi wawili, kila mmoja na mtoto mmoja. Siku ya kugawa msaada, mzigo wa bibi utaonekana nusu. Wala mashine haikukosea: kwa kanuni za RDF, "mtu fulani" wa orodha hii si lazima awe yule wa orodha ile.

Wengine hujibu kwamba majina ya walezi ni siri. Ni kweli, lakini jina la nodi si lazima liwe jina la mtu. Namba ya daftari yatosha, mradi itumike kote. Tena RDF 1.1 ya mwaka 2014 yaruhusu nodi hizo zibadilishwe kuwa anwani za kudumu, na RDFLib ina skolemize() kwa kazi hiyo. Njia hiyo husaidia kuitaja nodi baadaye, lakini haiwezi kuwarudisha walezi wawili kuwa bibi mmoja.

Sisemi BNode itupwe. Yafaa kufunga pamoja sanduku la posta na mji wake, kwa kuwa hakuna atakayelitaja fungu hilo peke yake. Lakini kitu kitakachotajwa tena kesho na kipewe jina leo. Mwenye shauri lililo bora kuliko hili na atuandikie.