Msiwaite Wazee Wetu Wajinga kwa Sababu ya Land Rover

Kila nirudipo Kitomanga hukabidhiwa kazi ileile: nimshawishi mjomba auze Land Rover yake. Watu huamini kwamba mwenye shahada ya uzamivu hashindwi kumwelewesha mzee wa kijijini. Mimi nasema mzee haeleweshwi kwa sababu anadanganywa, na wanaomdanganya ndio wanaolalamika kwamba ni mkaidi.

Gari lenyewe ni lile refu, 109, limepandishwa juu ya matofali chini ya mkorosho. Injini ilishushwa ifanyiwe ukarabati. Vipuri vikakosekana, fedha za korosho zikaishia kwenye ada na misiba, na giaboksi hadi leo imo ndani ya gunia stoo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari hili lilipanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu, na masika yalipoifunga barabara ya kusini ndilo lililobeba wagonjwa. Dalali anakuja na kumwambia mwenye historia hiyo, “Mzee, hii ni skrepa tu, nakusaidia kusafisha uwanja,” kisha anataja bei ya kilo. Kama ni skrepa, kwa nini amelifuata mara tatu kutoka Dar es Salaam?

Dalali anajua asichokisema. Anajua kwamba utengenezaji wa Defender, mrithi wa magari haya, ulikoma Solihull, Uingereza, Januari 2016, na tangu hapo wapenzi wa muundo ule wa zamani wanagombea yaliyobaki. Anajua kwamba sheria ya Marekani huliruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Anajua kwamba Oktoba 2024 Arusha ilikusanya Land Rover kwa nia ya kuipiku rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani. Biashara ambayo faida yake inategemea upande mmoja ubaki gizani mimi siiiti ujanja. Na msomi anayetumwa kwenda kuupamba uongo huo kwa Kiswahili sanifu ni mshirika wake.

Hata hivyo, sitamtetea mjomba kwa kila jambo. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, haili kutu kama chuma. Ndiyo maana kila asubuhi akilitazama analiona zima. Fremu iliyo chini ni chuma, na hewa ya chumvi ya pwani yetu haina subira. Mwezi uliopita nililala chini ya gari nikaisukuma bisibisi kwenye fremu, karibu na gurudumu la nyuma. Ilizama. Nilimwita aone mwenyewe.

“Nitalimaliza msimu ujao wa korosho,” akasema.

“Mjomba, msimu ujao huu ni wa ngapi?”

Akacheka, ila hakunijibu. Hapo nikamwambia yote, ya kumpendeza na ya kumuudhi: kwamba lina thamani kuliko anavyoambiwa, na kwamba thamani hiyo inapungua kila masika. Nikamkumbusha kwamba kadi ina jina lake. Akifariki, watoto watalazimika kufungua mirathi na kupata msimamizi mahakamani kabla ya kuhamisha umiliki; na ninavyowafahamu binamu zangu, watagombana hadi mkorosho uote ndani ya bodi.

Sikumwomba auze. Nilimwomba achague: ama atafute fundi na fedha mwaka huu, ama aliuze likiwa bado lina fremu ya kushikilia bei. Wenye kumtaka auze wamenilaumu kwamba nimempandisha bei. Ndiyo, nimempandisha. Walitaka akubali haraka. Mimi nilitaka akubali akijua anachokitoa.

Asubuhi niliyoondoka alinitaka nimwandikie kwenye karatasi namba ya chesisi, namba ya injini, na orodha ya vilivyomo ndani ya gunia. Karatasi ile ameikunja pamoja na kadi ya gari. Bado hajauza, lakini kwa mara ya kwanza ameuliza magari kama lake yanauzwa kiasi gani Arusha.