Manung'uniko ya Unguja yanatuhusu na sisi wa Kariakoo

Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huku Kariakoo huzungumzwa mara kwa mara, tena mara nyingi kwa kejeli. Jambo lenyewe ni manung'uniko ya ndugu zetu wa Unguja juu ya utalii. Kila inapotokea habari kwamba wanakijiji wa pwani wamelalamikia hoteli fulani, au mgeni fulani aliyepita mtaani nusu uchi, utawasikia watu hapa sokoni wakisema kuwa Wazanzibari hawana shukrani, wameletewa neema mlangoni na bado wananuna. Maneno hayo si ya haki, na anayeyasema angelitazama kwanza gunia la viazi alilolikalia.

Nataja gunia la viazi kwa sababu biashara yangu ni hiyo. Viazi vya Njombe, nyanya za Ilula, karoti na kabichi za Lushoto, vitunguu vya Singida: sehemu ya mizigo hiyo ikishafika Dar es Salaam hailali, inapelekwa bandarini na kuvushwa bahari, na iliyo bora kabisa huishia katika majiko ya hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Wala si mboga peke yake. Vinyago vingi anavyonunua mgeni Mji Mkongwe kuwa ukumbusho wa Zanzibar vimechongwa Bara. Picha za Tingatinga asili yake ni hapa hapa Dar es Salaam. Shanga na bangili nyingine zimetoka China, zikapita Mtaa wa Kongo, ndipo zikaenda kuuzwa kwa dola ufukweni. Kwa hiyo mtalii anapofungua mkoba wake Unguja, sisi wa Kariakoo tunapata chetu. Hatuna haki ya kukaa pembeni tukacheka.

Wengine hudhani sababu ya manung'uniko ni wingi wa wageni tu. Ni kweli wameongezeka mno. Mwaka 1990 waliofika Zanzibar hawakuzidi elfu hamsini, lakini mwaka 2024 walifika 736,755. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wa Zanzibar 1,889,773, maana yake ni karibu wageni wawili kwa mwaka kwa kila wenyeji watano. Lakini tutazame kwingine. Tarehe 20 Aprili 2024 maelfu kwa maelfu ya wananchi wa visiwa vya Canary, vilivyo chini ya Uhispania, waliandamana kupinga utalii wa kupindukia. Visiwa hivyo vina watu kama milioni mbili na laki mbili, na mwaka 2023 vilipokea wageni kama milioni kumi na sita, yaani zaidi ya saba kwa kila mwenyeji! Kilio chao kikubwa kilikuwa kodi za nyumba, kwa kuwa nyumba za kupanga zimegeuzwa vyumba vya watalii na kijana anayefanya kazi hotelini hapati pa kulala. Sasa ikiwa Unguja ina wageni wachache kuliko huko, mbona watu wake wananung'unika? Kwa maoni yangu jawabu halimo katika hesabu ya wageni. Limo katika kile kilichowekwa kati ya mgeni na mwenyeji.

Kwanza ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ilikuwa mali ya Serikali. Vijiji vya pwani ya mashariki na kaskazini vimejengwa juu ya maweni, ardhi yenye udongo haba, na watu wake wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Walichokuwa nacho ni minazi, ambayo kwa desturi ya huko mtu huweza kuimiliki bila kuimiliki ardhi iliyo chini yake. Utalii ulipofunguliwa milango, hasa tangu miaka ya 1990, mwekezaji alipewa kiwanja, na mwenyeji mara nyingi akalipwa hesabu ya minazi yake. Mnazi ukihesabiwa kwa nazi zake thamani yake ni ndogo. Lakini kiwanja kile, kwa kuwa mbele yake pana mchanga mweupe, kikawa na bei ya watu wa Ulaya. Mzee wa kijiji akaona kwa macho yake jinsi kitu alichokiachia kwa fedha ya nazi kinavyozaa, naye yuko nje ya ukuta.

Na ukuta huo ndio jambo la pili. Pwani kwa watu wa huko ni shamba. Mvuvi ana diko lake la kuegesha ngalawa. Wanawake, hasa wakati wa bamvua maji yanapotoka sana, hushuka kuchokoa pweza. Na tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimekuwa kazi ya watu zaidi ya elfu ishirini, wengi wao wakiwa akina mama. Hoteli zikipangana bega kwa bega, njia ya kushukia maji huhama, ikawa ndefu, na penginepo ikawa na mlinzi. Huko Paje wageni wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara hupita mle mle ambamo akina mama wamepigilia vijiti vyao vya mwani. Mgeni yuko katika mchezo, mama yuko kazini, na anayeambiwa apishe kila mtu anamjua.

Juu ya maji ya kunywa sitasema mengi, maana tarakimu zinatosha. Shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti mwaka 2012 juu ya vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya moja ya wenyeji ilitumia kwa wastani lita 93 hivi kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Chumba kimoja, Ndugu Mhariri, kilimaliza maji ya kaya thelathini na nne!

Halafu liko suala la fedha. Wageni wengi hulipa kila kitu kwao kabla hawajapanda ndege: malazi, chakula, vinywaji, hata safari ya mashua. Akifika huvishwa bangili ya plastiki mkononi, na kwa bangili hiyo hana haja ya kutoka getini kununua hata kikombe cha kahawa. Yule mwenye banda la chipsi na pweza barabarani humwona ndani ya basi akipita. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba katika kila shilingi kumi za mapato ya utalii Zanzibar, ni kama moja tu iliyowafikia wenyeji maskini. Serikali yenyewe inapata, hilo halina ubishi: utalii unahesabiwa kuchangia zaidi ya robo ya pato la Visiwa, na tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi hulipa bima ya dola 44. Fedha hizo hujenga barabara na shule. Lakini barabara ni ya wote, na ukuta ni wa kijiji kile kimoja.

Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba mjadala huu si mpya. Mwaka 1970 vijana wa TANU Youth League wa Chuo Kikuu pale Mlimani waliandika kuupinga utalii katika gazeti la The Standard, ambalo mwaka huo huo lilikuwa limechukuliwa na Serikali. Wakajibiwa, wakajibu, na Ndugu Issa Shivji akayakusanya mabishano hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Vijana waliogopa kwamba tutarudishwa kuwa watumishi wa mabwana wa zamani, na waliowajibu walieleza haja ya Taifa kupata fedha za kigeni. Nionavyo mimi kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini ukiwa umeshika jembe au wavu, fedha za kigeni ni maneno ya mbali. Swali lako ni la karibu zaidi: hoteli hii iliyo jirani yangu inanunua nini kwangu?

Hapo ndipo sisi wa Kariakoo tunapoingia. Mwezi Juni 2024 wafanyabiashara wa hapa tulifunga maduka, na pamoja na malalamiko ya kodi tulilia juu ya wageni wanaokuja kwa jina la uwekezaji kisha wakauza bidhaa rejareja pembeni mwetu. Februari 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Dk. Selemani Jafo, aliunda kamati kuchunguza jambo hilo. Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina kumi na tano, zikiwamo za jumla na rejareja, na hata kazi ya kuongoza watalii. Tulishangilia. Hakuna aliyetuita wasio na shukrani, wala hatukusema kwamba tunamchukia Mchina. Tulisema riziki ya mahali iwaguse kwanza watu wa mahali. Basi maneno hayo hayo akiyatamka mtu wa Jambiani, yanageukaje kuwa ubaya?

Najua nitajibiwa kwamba sisi si wageni Unguja, tu raia wa nchi moja, na Muungano unampa kijana wa Tanga haki ya kupika katika hoteli ya Kendwa. Nakubali kabisa. Wako watu kule wanaosema vijana wa Bara wafukuzwe hotelini na ufukweni, nao wanawajumuisha wote, mpishi, papasi wa mjini, kijana wa Kimasai na hata yule asiye Mmasai aliyejifunga shuka kwa ajili ya picha. Rai hiyo siiungi mkono. Kumwondoa mpishi wa Tanga hakutarudisha hata lita moja ya maji Kiwengwa. Lakini hasira isipopata njia ya kumfikia mwenye hoteli, ambaye pengine yuko Milano au London, itamwangukia aliye karibu, na aliye karibu ni Mbara mwenzangu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mavazi ya watalii. Mavazi yana kanuni zake, na mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar ilitangaza faini. Chuki baina ya ndugu haina faini.

Rai yangu ni kwamba Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar iitake kila hoteli kubwa, inapoomba leseni upya, ionyeshe kwa kilo na kwa shilingi imenunua nini kutoka shehia zinazoizunguka, imeajiri wangapi wa shehia hizo na kwa kazi gani, na imewapeleka wangapi kusoma katika chuo cha utalii pale Maruhubi. Tarakimu hizo zibandikwe katika ofisi ya sheha, wanakijiji wazisome. Njia za kushuka pwani nazo zichorwe katika ramani ya kila kiwanja kabla ya tofali la kwanza. Samaki, mayai, mchicha, bamia, nyanya na matunda vinaweza kutoka Unguja na Pemba kwa wingi zaidi kuliko sasa, kama mkulima atakuwa na hakika ya mnunuzi na maji ya kumwagilia.

Wenzangu sokoni wameniambia kuwa kwa maneno haya naukata mkate wangu mwenyewe. Huenda matenga ya nyanya yatapungua. Viazi mviringo havitaacha kutoka Njombe, na nipo tayari kubaki na hivyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa Mboga,
Kariakoo,
Dar es Salaam.