Maktaba ya Watoto ni Kazi ya Wasomi

Katika Chuo Kikuu cha South Carolina, huko Marekani, upo uprofesa wa wakfu uliowekwa kwa ajili ya elimu ya kusoma ya watoto. Umepewa jina la mama mmoja mweusi, Augusta Baker, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita katika maktaba za watoto. Wako watakaocheka na kuuliza: uprofesa wa hadithi za sungura? Sisi hatucheki. Twaona kuwa jambo hilo ni funzo kwa kila taifa linalojenga shule, hasa wakati huu ambapo vitabu vya watoto vimegeuka uwanja wa mapambano ya siasa huko Marekani.

Bibi Baker alianza kazi mwaka 1937 katika maktaba ya mtaa wa 135, Harlem, mjini New York. Watoto wa mtaa huo walikuwa weusi, lakini vitabu vingi vya siku hizo viliwaonyesha watu weusi kama vikaragosi, wajinga wasemao lugha iliyopotolewa makusudi. Hivyo mtoto aliyejifunza kusoma alijifunza pia kujidharau. Bibi Baker hakutosheka na manung'uniko. Aliweka vipimo: lugha ya kitabu iweje, picha zake ziweje, na maelezo yake yawe na ukweli gani. Mwaka 1939 ukafunguliwa mkusanyiko wa vitabu vilivyofaulu vipimo hivyo, ukapewa jina la mwandishi James Weldon Johnson. Na mwaka 1946 orodha yake ikachapishwa. Mwaka 1961 akawa msimamizi wa kazi zote za watoto katika Maktaba ya Umma ya New York, mtu mweusi wa kwanza kupata cheo cha uongozi cha namna hiyo hapo. Alistaafu mwaka 1974. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha South Carolina kikamwita awe msimulizi wake wa hadithi, kazi aliyoishika mpaka mwaka 1994.

Huo ndio uongozi wa kisomi tunaousema. Hauanzi na joho wala cheo. Huanza pale mtu anapoketi na mtoto, akakisoma kitabu chote, akapima, akaandika sababu zake, kisha akawafundisha wengine kupima.

Sasa tazameni yanayotokea. Mwaka 2024, katika jimbo hilohilo la South Carolina, Halmashauri ya Elimu ya jimbo ilianza kutumia kanuni inayoiwezesha kuondoa kitabu katika shule zote za serikali za jimbo kwa uamuzi mmoja. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, vitabu visivyopungua 20 vimekwisha kuondolewa. Kisha tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuipunguza, kadiri sheria inavyoruhusu, taasisi ya serikali kuu inayogawa fedha kwa maktaba za majimbo. Majimbo 21 yakaenda mahakamani kuipinga.

Hapana shaka mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini. Tena Bibi Baker mwenyewe alivikataa vitabu vingi. Lakini hapa pana tofauti kubwa. Yeye alikataa baada ya kusoma, kwa vipimo vilivyo wazi kwa kila mtu, na palipokuwa na pengo alidai kitabu bora cha kuliziba. Anayeondoa kitabu kwa sababu ya ukurasa mmoja, wala asiweke kingine mahali pake, humwachia mtoto rafu tupu. Katika ugomvi kama huo, mkutubi asiye na elimu ya kazi yake hana la kujibu, na mwanasiasa atamshinda kwa kelele.

Nasi Watanzania tusijione tumesalimika. Sheria yetu ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Msingi tulipewa. Lakini tujiulize: katika wasomi wetu ni wangapi wanaoona fahari kuchunguza kile anachosoma mtoto wa miaka minane? Kwetu anayefundisha darasa la kwanza huhesabiwa mdogo kuliko anayefundisha la saba, na kazi ya rafu ya watoto hudhaniwa kuwa ni ya kufuta vumbi. Samaki mkunje angali mbichi. Nasi twangoja akauke ndipo tumwitie profesa.

Kwa hiyo twasema wazi. Kila chuo kinachofundisha walimu au wakutubi hapana budi kiwe na mtaalamu wa vitabu vya watoto, mwenye heshima sawa na wenzake wa sheria na uhandisi. Naye asikae ofisini. Aende shuleni, asikilize watoto wakisoma, atoe orodha ya vitabu vinavyofaa kwa Kiswahili, awaambie wachapishaji bila haya ni vipi vinavyokosekana. Mtoto aliyefundishwa herufi asipewe kitabu ni kama aliyefundishwa kula akanyimwa chakula. Wenye vyuo wasikie, na wenye kugawa fedha wasikie pia.