Uvimbe wa Mishipa ya Fahamu, na Chuma cha Moto

Wafugaji wenzangu, niliitwa siku moja kutazama ng'ombe mzee, mama wa ndama wengi, aliyechechemea mguu wa mbele. Mwenyewe alikuwa amekwisha mchoma begani kwa chuma cha moto mara tatu, wala hakupata nafuu. Mwisho akaazimu kumchinja. Tulipopasua tukaona vinundu vigumu kwapani, vyeupe, vimepangana juu ya mshipa mmoja kama shanga katika uzi.

Mshipa huo si wa damu; ni mshipa wa fahamu, upelekao habari kati ya uti wa mgongo na viungo. Nao umevikwa ala, kama kisu. Pengine chembe za ala hiyo hukua pasipo kipimo, zikafanya uvimbe. Kwa ng'ombe huonekana zaidi katika wale wazee: kwapani, kati ya mbavu, hata juu ya moyo. Wengi wao hawaonyeshi dalili yo yote mpaka siku ya kuchinjwa. Mbwa hana bahati hiyo. Yeye huchechemea, na nyama ya bega lake hukonda. Uvimbe huu hauambukizi, wala hautokani na jicho la jirani.

Basi mimi nasema chuma kiachwe. Mtaniambia ya kuwa baba zetu walichoma, na ng'ombe wakapona. Naam, wako waliopona, kwa kuwa bega lililoteguka hupona lenyewe likipumzishwa, na chuma kikapewa sifa isiyokuwa yake. Lakini moto wa juu ya ngozi hauufikii uvimbe wa ndani. Humwongezea mnyama maumivu tu. Afadhali kumwita mganga wa mifugo mapema. Uvimbe ulio chini ya ngozi pengine aweza kuukata, na ule wa ndani atakuambia kweli, usipoteze miezi ukimlisha ng'ombe asiyepona.

Siku ile jamaa walitaka kuvikata vinundu na kuvifukia kabla mkaguzi wa nyama hajafika, wakiogopa nyama yote itakataliwa. Sikuwakubalia, hata wakanikasirikia. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hufanya vinundu, na hicho chaweza kumwingia mtu. Mara nyingi ndani yake mna kitu kikavu mfano wa jibini, pengine chenye chembe kama chokaa. Uvimbe wa mshipa ukikatwa huwa mzima na wenye kung'aa. Walakini si kila jicho laweza kupambanua, na langu pia laweza kukosea. Ukivifukia, umemnyima mkaguzi ushahidi, na watoto wako ndio walao.

Mkaguzi alikuja jioni. Akapasua tezi, mapafu, ini na moyo, asione kifua kikuu wala vinundu vingine. Akaondoa mguu ule pamoja na kwapa, nyama iliyobaki ikauzwa. Ngozi haikupata mnunuzi, kwa ajili ya makovu.