Barua za Nyumbani: Chatu asiyetaka kula

Mama mmoja wa Bukavu, anayekaa sasa Liège, nchini Ubelgiji, pamoja na mume wake na watoto wanne, ametuletea swali ambalo hatujapata kuulizwa katika ukurasa huu. Mwana wake wa miaka 14 alipewa chatu na mwenzake wa shule mwezi wa Novemba. Chatu huyo alikula mara moja tu, na tangu hapo majuma tisa yamepita asiguse panya hata mmoja. Baba asema nyoka atupwe nje. Nyanya yao, aliyepata habari kwa simu, hataki hata kusikia kwamba wajukuu wake hulala nyumba moja na nyoka. Mtoto mwenyewe hasemi neno, lakini usiku mama humkuta ameketi mbele ya sanduku la kioo, taa mkononi. Mama auliza: je, nyoka huyu anakufa? Na je, yafaa kumfumbua kinywa na kumsukumia chakula, kama jirani alivyoshauri?

Tuanze na hilo la mwisho, maana halingoji. La, mama. Asiruhusiwe mtu yeyote kumlisha kwa nguvu. Kinywa na koo la nyoka huumia upesi, na mnyama aliyeshikwa namna hiyo huingiwa na hofu akazidi kukataa. Hiyo ni kazi ya mganga wa wanyama, na yeye mwenyewe huifanya mara chache.

Kwa jinsi mama alivyomwelezea, mwenye urefu wa metro moja, mnene, wa rangi ya kahawia na mabaka ya manjano, ajikunjaye kama mpira na kuficha kichwa katikati, twaona kwamba ni yule ambaye Wafaransa humwita chatu wa kifalme. Si yule chatu mkubwa wa mito yetu awezaye kumeza swala. Huyu hana sumu, na kwao ni Afrika, kutoka Senegal mpaka Uganda. Togo, Benin na Ghana zimewauza ng'ambo maelfu kwa maelfu, ndiyo maana leo mtoto wa Bukavu aweza kumpokea nyoka wa Afrika mkononi mwa Mbelgiji. Nyanya apenda kujua kama kuna watu wanaokaa nao kwa amani? Katika mji wa Ouidah, nchini Benin, hutunzwa katika hekalu la jadi lililo mbele ya basilika ya Wakatoliki. Huachiliwa wajitafutie chakula, na wenyeji wakiwakuta njiani huwarudisha bila kuwadhuru.

Sasa, je, anakufa? Majuma tisa kwetu sisi ni kifo. Kwa chatu mzima si ajabu. Huyu hasa ajulikana miongoni mwa wafugaji kwa kufunga: madume wengi hukataa chakula miezi ya baridi, ambayo ni miezi yao ya kutafuta majike, na jike akiisha kutaga huyazunguka mayai yake karibu miezi miwili bila kula. Mwili wake haujitengenezei joto kama wetu, kwa hiyo hautumii chakula kingi. Wataalamu waliochunguza chatu wa Asia wameona kwamba utumbo wake mwembamba husinyaa siku za njaa. Akimeza, utumbo huo huongezeka uzito karibu mara mbili kwa siku moja au mbili. Kiumbe aliyeumbwa hivyo ajua kungoja kuliko sisi. Kama angekuwa mtoto wa nyoka aliyeanguliwa juzi, tungesema maneno mengine, kwa kuwa mdogo hana akiba mwilini.

Lakini kungoja si kulala. Mama hakutuambia joto la sanduku ni kiasi gani, na hapo ndipo tunaposhuku zaidi. Sanduku la kioo karibu na dirisha, Liège, mwezi wa Januari! Chatu huyu ahitaji upande mmoja wenye joto la digrii 31 mpaka 33, na upande wa pili digrii 25 mpaka 27, ili achague mwenyewe. Akikosa joto, chakula hakiwezi kusagika tumboni, naye kwa akili yake ya asili hakipokei. Kipimajoto kiwekwe pale alalapo nyoka, si ukutani. Tena chombo cha kupasha joto kiwe na termostati ya kukizuia kisizidi, maana nyoka aweza kulala juu ya kitu cha moto mpaka ngozi iungue asihame.

Jambo la pili ni maficho. Kwao, mchana hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, hutoka usiku. Mweke mnyama wa namna hiyo sebuleni, kioo pande zote nne, watoto wakipita na televisheni ikipiga kelele, atakulaje? Apewe vijumba viwili vidogo, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa ubaridi, vyembamba hata mbavu zake ziguse kuta. Pande tatu za kioo zifunikwe kwa karatasi. Maji safi yawepo daima. Na mwana wetu, tumhurumiaye kwa moyo wote, aache kumwangaza kwa taa usiku. Macho ya nyoka yakiwa na utusiutusi kama maziwa, ajue kwamba yu karibu kujivua ngozi, na siku hizo wengi hawali kabisa.

Kuhusu chakula chenyewe, panya aliyekufa na kugandishwa kwa barafu ni bora. Ayeyushwe polepole, kisha apashwe moto kwa maji mpaka kiasi cha joto la mwili wa panya hai, kwa sababu chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto. Panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Unene wake usipite unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene kabisa. Ashikwe kwa koleo refu, wakati wa jioni. Panya hai asiachwe sandukuni: nyoka asiyetaka kula humwacha atembee, na panya mwenye njaa humtafuna nyoka. Majeraha hayo ni mabaya sana.

Kuna chatu waliozaliwa porini ambao hawamtambui panya mweupe wa dukani kuwa ni chakula. Wafugaji wa Ulaya, wakishindwa, huwapa panya wa Kiafrika mwenye manyoya laini. Huyo si mgeni kwetu: ni yule panya mwenye matiti mengi aingiaye katika ghala za mahindi kote Kongo. Anunuliwe kwa mfugaji anayewazalisha, asitegwe barabarani, kwa hofu ya sumu na wadudu.

Mtoto na apate daftari. Kila juma, siku ile ile, ampime nyoka kwa mzani na kuandika. Ikiwa alikuwa na gramu 1,200 na sasa amepoteza 120, yaani sehemu moja ya kumi, asingoje tena, apelekwe kwa mganga ajuaye wanyama wa namna hii. Apelekwe mara moja pia, hata kama uzito haukupungua, akionekana kupumua kinywa wazi, kutoa mapovu au mlio wa pua, kuwa na vidonda kinywani, au vidudu vyeusi vidogo katikati ya magamba.

Baba naye ana haki ya kusikilizwa. Nyoka na mijusi huchukua vijidudu vya salmonela bila kuugua wenyewe, na mdogo wa watoto, kama mama alivyoandika, hajatimiza miaka mitatu. Asimguse nyoka wala sanduku lake. Wengine wanawe mikono kwa sabuni kila mara, na panya asiyeyushwe katika vyombo vya jikoni. Lakini kumtupa nje katika baridi ile ni kumwua polepole. Ikiwa nyumba haimtaki, kuna makimbilio ya wanyama, waulize. Nasi twasema wazi kwamba zawadi kama hii haipaswi kuingia nyumbani kabla ya wazazi kuulizwa. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alikuwapo chatu jike wa jinsi hii aliyepokewa mwaka 1961, akataga mayai mwaka 2020, akikadiriwa kupita miaka 60. Walio wengi hawafiki huko, lakini miaka 20 au 30 ni kawaida. Baba na mwanawe waketi waulizane ni nani atakayemtunza mtoto akienda masomoni. Waulizane pia hati zake ziko wapi, maana chatu huyu yumo katika Orodha ya II ya mkataba wa CITES, na huko Ulaya mwenye kumfuga apaswa kuweza kuonyesha kwamba alipatikana kwa halali.

Kwa sasa, mama, tengenezeni joto na maficho, kisha mwacheni siku kumi bila kumshika wala kumpa kitu, ila maji. Jioni ya siku ya kumi na moja mpeni panya mmoja, mara moja tu. Akikataa, mwondoleeni, mngoje siku kumi nyingine. Akimeza, asiguswe kwa siku mbili, hata kama marafiki wa shule wamekuja kumtazama.